Joka Aliyelalia Chumvi

Mwaka ule jua liliwaka hadi vyura wakaacha kuimba, na wanyama wa Bonde la Miiba wakaanza kugombea chumvi. Chumvi yenyewe ilikuwa udongo mweupe, kilima kidogo tu kando ya korongo, na kila mwenye kwato alikuwa akienda kuulamba tangu enzi za babu zake. Nyasi zikishakauka, anayekosa chumvi huishiwa nguvu za miguu, na mama anayenyonyesha hukaukiwa maziwa. Kwa hiyo walisukumana, wakapigana pembe, na Nyati akamvunja Pofu ubavu.

Simba, mfalme wao, aliitisha mkutano. Akasema kilima kinahitaji mlinzi wa kusimamia zamu mpaka mvua inyeshe, na mlinzi huyo awe mnyama asiyelamba chumvi, maana asiyeitaka hawezi kuiiba. Hoja hiyo ilionekana nzito. Wakamchagua Chatu, ambaye hajawahi kulamba chumvi maishani mwake, wakampigia makofi.

Chatu alikwenda akajizungusha juu ya kilima, akakiona kina joto zuri, akalala. Walipofika wa zamu ya kwanza aliwaambia warudi kesho. Kesho yake akawaambia warudi siku nyingine. Mwishowe akaacha kuwaambia chochote, akawa anapanua kinywa tu. Chumvi ile hakuwa na kazi nayo hata chembe. Alichopenda ni kuombwa. Kwa kuwa hakutembea tena, alinenepa akawa kama gogo la mvule, na akaagiza asiitwe Chatu, aitwe Joka.

Fisi alijiajiri kuwa msemaji wake. Alitangaza bonde zima kwamba Joka anapumua moto. Hakuna aliyeuona huo moto, lakini pia hakuna aliyeomba aonyeshwe. Mapatano yao yalikuwa rahisi: kila mnyama atakayeanguka kwa kukosa chumvi ni wa Fisi, na Joka atapelekewa paja. Simba alipopata habari alikwenda kwa hatua za kifalme, akamtazama Joka kutoka mbali, akarudi akisema kwamba chumvi huharibu manyoya ya shingoni na kwamba yeye binafsi hajambo.

Aliyeumia zaidi ni Tandala. Alikuwa na ndama mmoja, aliyezaliwa kiangazi kikiwa kimeshaanza, na maziwa yake yalikuwa yanakatika. Ndama akiinuka asubuhi miguu ilitetemeka, akakaa tena. Fisi alikuwa akipita kila siku kumjulia hali. Tandala alielewa maana ya salamu zile. Akaenda kwa Sungura.

"Kaka Sungura, mwanangu anakufa," alisema. "Mimi sina meno makali wala sina ujanja. Nisaidie."

Sungura hakumpa pole, kwa sababu pole hailambwi. Alimuuliza tu kama anaweza kumchimbulia mtu viazi mwitu kila asubuhi. Tandala akasema kwato zake bado zinafanya kazi. Ndipo Sungura akaenda kwa Fuko.

Fuko anaishi chini ya ardhi, haoni, na kazi yake ni kuchimba njia na kusukuma udongo nje. Sungura alimweleza kwamba chini ya kilima cha chumvi kuna udongo laini sana, na atakayeutoa na kuurundika nyuma ya vichaka vya miiba atapata viazi mlangoni kwake. Fuko aliuliza kama kuna mawe. Akaambiwa mawe yako chini kabisa, ila juu kuna Joka. Fuko hakujali. Hajawahi kumwona Joka, na tukisema ukweli hajawahi kumwona mtu yeyote.

Kazi ikaanza. Nyuma ya vichaka vikaanza kuota vichuguu vyeupe. Tandala alimleta mwanawe akimsukuma kwa pua. Ndama alilamba, akapumzika, akalamba tena, na mama yake akasimama kando akilia bila kujificha. Wengine wakaja kimyakimya, nao wakalamba kwa zamu, kwa kuwa hapakuwa na mlinzi wa kuwazuia kupeana zamu.

Huku nyuma Joka aligundua kwamba anashuka. Awali alikuwa akiliona bonde lote. Sasa anaona vichwa vya nyasi tu. Akamwita Sungura, ambaye alikuwa akipita pale makusudi.

"Wewe, mbona ardhi inabonyea?"

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Ni uzito wako," Sungura alijibu. "Tembo akikanyaga, ardhi hubonyea kidogo tu. Hii yako haijawahi kuonekana."

Joka alifikiri, akayaona maelezo yanaridhisha. Akamwagiza Fisi alitangaze jambo hilo pamoja na lile la moto.

Lakini Fisi alikuwa na shida zake. Hakuna aliyekuwa anaanguka. Alikwenda kumjulia hali ndama wa Tandala, akamkuta anakimbiza majani yanayopeperushwa na upepo. Fisi, ambaye tumbo lake huelewa mambo mapema kuliko kichwa, alirudi mbio mpaka ukingoni mwa shimo, maana sasa lilikuwa shimo.

"Bwana Mkubwa, wanyama wana chumvi."

"Haiwezekani. Chumvi nimeilalia."

"Inuka basi utazame."

Joka alimkazia macho. "Nikiinuka utaichukua."

"Mimi nakula mifupa. Chumvi ya nini?"

"Hata mimi sili chumvi," alisema Joka, "na tazama nilivyo."

Njaa ikamsukuma Fisi, akateremka shimoni ili auinue mkia wa Joka aangalie mwenyewe. Joka aliona mwizi anapenyeza mkono chini ya hazina, akamkamata. Alimmeza mzimamzima, kuanzia kichwani, na shughuli hiyo ikamchukua mpaka jioni.

Baada ya mlo wa namna ile, chatu yeyote hulala siku nyingi asijiweze. Fuko hakulala. Aliendelea mpaka akafika kwenye mwamba, akalalamika kwamba yamebaki mawe matupu, akaenda nyumbani. Joka alipozinduka alikuwa juu ya jiwe, kuta ndefu zimemzunguka, na Fisi bado yumo tumboni. Alijaribu kupanda akateleza, akajaribu tena akateleza. Kisha akajizungusha palepale. Hakutazama chini yake, kwa sababu aliogopa.

Mvua iliponyesha, maji ya shimoni yalitoka kupitia njia za Fuko, ambazo Joka hawezi kupenya. Simba alitangaza kwamba ulinzi umefanikiwa. Akina mama wa bondeni waliwapeleka watoto wao kuliona lile shimo, wakawaambia kwamba yule aliyemo ndani hakufungwa na mtu.

Siku moja Joka alisikia kwato ukingoni.

"Nani huko juu?"

"Ni mimi, Tandala, na mwanangu."

"Nendeni zenu," alisema Joka. "Chumvi sitoi."

"Haya, mzee," Tandala alijibu kwa adabu. "Sisi tumeshalamba."