Ndafu Aliyevuta Pumzi

Nianze nisianze?

— Anza, masikio tumeyafungua!

Na atakayesinzia?

— Akose mnofu!

Haya basi. Hapo zamani za kale, huko mlimani kwenye migomba, palikuwa na mzee aitwaye Ndesario. Alifuga mbuzi wa nyama. Hakuwapeleka malishoni, aliwafungia bandani akawaletea majani ya migomba na maganda ya ndizi. Mmoja wao alihasiwa tangu mdogo ili anenepe kwa ajili ya karamu. Mbuzi wa namna hiyo huitwa ndafu.

Ndafu akala, akalala, akaamka, akala tena. Kila mara Ndesario aliingia akampapasa mgongo na mbavu. Weee, Ndafu aliringa huyo!

"Dada Kuku," akamwambia kuku aliyetaga chini ya hori, "umeona ninavyopendwa? Wewe nani amewahi kukupapasa?"

"Maskini kaka yangu!" Kuku akasema. "Hapo hupendwi, unatafutwa mafuta. Siku mkono wake utakapokosa kugusa mfupa, ni kisu."

Jamani, Ndafu alitetemeka mpaka ganda likamdondoka mdomoni. "Sasa nifanyeje? Na chakula chenyewe kitamu!"

"Wewe kula. Ila akija, vuta pumzi, kunja mgongo, mifupa itokeze. Halafu mdomo wako ufunge."

Akazaliwa mjukuu. Ndesario akaja, akapapasa. Ndafu akavuta pumzi, akakunja mgongo. "Bado huyu," mzee akasema, akaenda kuomba mbuzi kwa jirani.

Yakaja mavuno ya ulezi. Mzee akapapasa. Ndafu akavuta pumzi, akakunja mgongo. "Bado huyu. Sijui chakula kinakwenda wapi!" Kuku alicheka hadi akakanyaga yai lake.

Ikaja harusi ya binti yake, Ndeanasia. Safari hii mzee alikuja na mkwe wake, Kisamo, baba wa bwana harusi, mtu wa maneno mengi. Wakapapasa wote wawili. Ndafu akavuta pumzi, akakunja mgongo.

Kisamo akaangua kicheko. "Mkwe wangu, huyu ni mbuzi au ngazi?"

Ndafu akavumilia.

"Mbuzi jike wangu ananyonyesha mapacha, na bado anamzidi huyu!"

Ndafu akauma meno. Kuku akamnong'oneza, "Kaka, wanatoka sasa hivi. Vumilia kidogo tu."

Kweli, wakageuka kwenda zao. Walikuwa wameshafika mlangoni Kisamo aliposema, "Tutafute mwingine. Yule hana hata kifua."

"Nani hana kifua?" Ndafu akafoka. "Mimi? Rudi hapa! Shika!" Akaachia pumzi zote, akanyoosha mgongo, akatuna.

Kuku akafunika uso kwa bawa.

Ndesario akarudi, akashika. Vidole vikazama kwenye mafuta, visiguse mfupa. Akamtazama mkwe wake, mkwe akamtazama yeye. "Kumbe!" wakasema kwa pamoja.

Harusi ilifana sana. Kidari, kwa desturi ya pale, hupewa mkwe. Kisamo akakila chote, akajifuta mdomo, akasema, "Nilimwonea bure. Kifua alikuwa nacho."

Kuku alisikia akiwa juu ya mayai yake. Alilia, lakini alilia kimyakimya.

Mnasikia, wanangu? Ndafu hakuuawa na unene, maana unene aliweza kuuficha. Aliuawa na kutaka asifiwe. Ukiwa na siri inayokuweka hai, acha wakucheke, wakichoka watakwenda kwao. Na wewe Elirehema uliyekaa pale, mbona umeachia kitambi namna hiyo? Vuta pumzi, baba, karamu iko karibu!

Mimi yangu nimeipakua yote, chungu ki wazi.

— Tumekula, tumeshiba, mwingine apike!