Mgeni Aliyekaa Kiti cha Marehemu

Paukwa!

Pakawa!

Fungeni mlango huo kwanza. Leo namtaja asiyeshiba.

Hapo kale, nchi ya Uchina, palikuwa na mjane na binti yake, Yulan. Mumewe, Guo, alikuwa amefariki. Huko kwao, bakuli la kwanza ni la marehemu. Huwekwa mbele ya kiti chake likifuka, naye hula mvuke tu. Aliyekaa kiti hicho hawezi kuinuka mpaka mvuke uishe. Ndipo walio hai hula wali.

Mjane alilia mpaka majirani wakachoka. Walisema Guo alipokuwa hai hakupendwa hivyo. Mimi simo, nawapa nilivyopewa.

Basi, siku moja jioni, mlango ukabishwa. Sauti ya Guo ikasema, "Mke wangu, nina njaa."

Mjane akafungua. Sura ya Guo, kanzu yake ya kuzikiwa. Akakaa kitini, akala wali wote.

Yulan akamnong'oneza mama yake kwamba wafu hawali wali. Akaambiwa anyamaze, baba amerudi.

Siku ya pili akala bata wote, na manyoya. "Bado nina njaa."

Siku ya tatu akala mbegu za msimu, na gunia lake. "Bado nina njaa," akasema, akimtazama Yulan. "Mke wangu, mtoto huyu amenona."

Mama akamvuta Yulan kando.

Yulan akaweka jiko la makaa mezani, mbele ya kiti alichokalia mgeni, na juu yake chungu cha shaba chenye maji matupu. Yakachemka.

"Karibu mvuke, baba. Baba yangu hushiba kwa huu."

Mgeni akataka kuinuka, asiweze. Mvuke ulikuwa haujaisha. Yulan akaongeza makaa, akaongeza maji, akaongeza makaa. Sura ya Guo ikayeyuka usoni, kumbe zimwi. Njaa ikamzidi, akajitafuna vidole. Akajitafuna mikono. Akajitafuna miguu na tumbo, kikabaki kichwa, kikanata ubavuni mwa chungu.

Kesho yake mama akaweka bakuli. Mvuke ukapanda wima, kisha ukainama taratibu kuelekea kile kiti kitupu, kama mtu anavuta pumzi. Wali haukupungua hata punje.

"Karibu, mume wangu," akasema. Hakulia.

Chungu wangali nacho. Wali ukipikwa humo, ule uso wa zimwi humeza mate.

Hadithi yangu naiacha hapo mezani. Akibisha mtu kwa sauti ya mpendwa wako aliyekufa, mtazame kwanza anavyokula.