Kijiji Kilichokataa Nyumba

Mkataa nyumba amekataa mabega.

Mmemsikia mwenyekiti akiisema leo mkutanoni, mkatazamana. Mnadhani ni methali ya mababu. Sivyo. Mimi nilikuwapo ilipozaliwa, na mkono wangu umo ndani yake, maana kwa miaka kumi na minne nilikuwa karani wa kamati ya ardhi ya hapa Mfinga. Sogezeni hizo kunde, mzichambue huku mkinisikiliza. Chimbuko lake ni hili.

Siku hizo, mtu akitaka kujenga alileta maombi ya maandishi pamoja na mchoro wa nyumba. Mimi niliyabandika kwenye mlango wa ghala la ushirika, yakakaa pale majuma mawili ili mwenye pingamizi alilete. Kisha kamati ilikaa ikaamua. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Elinazi Mshana, mtu mwadilifu kabisa. Hakuna aliyewahi kumhonga hata mkungu wa ndizi.

Maombi ya kwanza aliyoyakataa yalistahili kukataliwa. Mfanyabiashara wa mjini alitaka kujenga nyumba ya wageni ya ghorofa mbili juu ya ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, na maji machafu yote yangeteremkia humo. Mzee Elinazi akasema hapana. Kijiji kizima kilimpigia makofi, na mimi nikiwemo.

Basi kukataa kukamkolea.

Vijana wetu walipoanza kuomba viwanja kwenye ule mteremko wa majani, mbali kabisa na maji, aliwakataa vilevile. Alisema Mfinga ni kijiji kizuri, wageni wanapanda milima kuja kukipiga picha, na nyumba mpya zitakiharibu sura. Wazee wenye nyumba zao waliafiki. Mtu akishapata pake pa kulala, ni rahisi kwake kupenda mandhari.

Sifueli Mrutu, fundi seremala aliyekuwa ameoa karibuni, aliomba mara tatu. Mara ya kwanza wakamwambia bati lake litang'aa mno. Akarudi na mchoro mpya, bati la kupakwa rangi ya kijani. Wakamwambia mlango unatazama njia. Akaugeuza mlango. Mara ya tatu Mzee Elinazi akamwambia, "Kijana, kijiji kimejaa."

"Kimejaa nani, Baba?" Sifueli akauliza.

Mimi nikaandika "Yamekataliwa" kwa mwandiko wangu mzuri, nikapiga muhuri. Mwezi uliofuata Sifueli na mkewe walihamia tambarare ya bondeni.

Wengine wakamfuata, mmoja mmoja. Hata Eliamini, mtoto wa pekee wa Mzee Elinazi, aliomba kiwanja, na baba yake akamkataa mbele ya kamati nzima ili isisemwe kwamba anapendelea damu yake. Tulimsifu kwa hilo. Eliamini akaenda Tanga, na barua zake zikawa fupi. Mama yake, Bi Namkunda, alikuwa mke wa kiongozi, na wake wa viongozi walifundishwa kumeza.

Miaka sita ikapita. Kijiji kilikuwa kizuri kweli, na kimya.

Ukaja mwaka wa mvua nyingi. Asubuhi moja Bi Namkunda alikuwa akikata majani ya ng'ombe, ukingo wa tuta ukamomonyoka, akaporomoka nao. Nyonga ikavunjika. Barabara ya magari iliishia bondeni, mwendo wa saa mbili kwa mtu mwenye nguvu zake, na simu hazikuwapo. Mgonjwa alibebwa kwa machela, watu wanne begani na wengine wanane nyuma wakisubiri zamu.

Mzee Elinazi akachukua pembe ya msaragambo, ile ya kuwaita watu kwenye kazi za pamoja, akaipuliza. Akasubiri, akaipuliza tena. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikamwona akitazama njia zote tatu.

Walikuja wazee watatu. Mzee Kiondo alikuwa na miaka sabini na miwili. Wa pili alikuwa haoni jicho moja, na wa tatu alikuwa akikohoa kabla hata hajagusa mti wa machela. Wengine waliokuja ni sisi wanawake.

"Wengine wako wapi?" Mzee Elinazi akauliza.

"Wengine gani?" akajibu Mzee Kiondo.

Wakabeba hao wanne, Mzee Elinazi mbele. Kila hatua hamsini walipumzika. Njia ilikuwa tope tupu. Tulipofika kwenye kijito, Mzee Kiondo akateleza, machela ikainama, na Bi Namkunda akapiga ukelele ambao mpaka leo nausikia. Wakamtua kwenye majani. Mumewe akapiga magoti kando yake, anahema, midomo imemkauka.

"Nisamehe, Mama Eliamini. Tutafika. Wacha tupate pumzi."

"Baba Eliamini," akasema taratibu, macho kayafumba, "nyumba ulizozikataa ni ngapi?"

"Mke wangu, sasa si wakati wa..."

"Muulize karani."

Mzee akanigeukia. "Kumi na moja," nikasema.

"Kumi na moja," akarudia Bi Namkunda. "Kila nyumba ilikuwa na mwanamume wake, na kila mwanamume ana mabega yake. Anza kuhesabu na ya mwanetu."

Mzee Elinazi aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkono wa mkewe, mabega yakawa yanamtikisika. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu yule akilia.

Desturi yetu haikumruhusu mwanamke kubeba machela. Nilifunga kanga kiunoni, nikainua mti wa nyuma. Wenzangu watatu wakashika iliyobaki. Hakuna aliyetukataza.

Tulishuka hivyo, wanawake na wazee kwa kupokezana, mpaka jua likapinda. Karibu na bonde kulikuwa na shamba la mahindi, na ndani yake mtu anapalilia. Alipotuona alisimama, akatutazama, kisha akalitupa jembe akaja mbio. Alikuwa Sifueli. Akajitia chini ya mti aliokuwa ameubeba Mzee Elinazi, akautoa begani kwake.

"Sifueli, mwanangu," mzee akaanza, "mimi..."

"Shikamoo, Baba. Tumfikishe mama kwanza."

Akapiga mluzi. Wakatokea vijana wengine wanne kutoka mashamba ya jirani, wote wetu, wote waliozaliwa Mfinga. Walienda na machela kwa mwendo ambao sisi hatukuweza hata kuufuata kwa macho.

Bi Namkunda alipona, ila mguu mmoja ulibaki mfupi. Daktari alisema njia ilichukua muda mrefu mno.

Kikao kilichofuata, Mzee Elinazi alikuja na mafaili yote kumi na moja, akayaweka mezani. Akaomba yasomwe upya, sehemu ya ndiva ibaki vilevile, ila mteremko wa majani ugawiwe wanaotaka kujenga. Sifueli tulimwandikia. Akajibu kwa heshima kwamba ameshapanda miti kule, hawezi kuing'oa. Kiwanja chake alipewa mdogo wake. Eliamini alichukua mwaka mzima kujibu, lakini alijibu.

Siku ile ya kikao mjumbe mmoja mzee aliinuka, akasema, "Mwenyekiti, umetufundisha mwenyewe. Nyumba hizi zitaharibu sura ya kijiji."

Mzee Elinazi akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejiambia mwenyewe, "Mkataa nyumba amekataa mabega."

Mimi sikujua neno hilo linaandikwaje katika muhtasari, kwa hiyo nililiandika kama alivyolisema, na chini yake nikaandika: "Yamekubaliwa."

Ndiyo hiyo mliyoisikia leo. Mkataa nyumba amekataa mabega.