Kiboko na Sufuria ya Nchi Nzima

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ndiyo pakawa ya watu walioshiba? Rudieni. Paukwa!

Pakawa!

Haya, afadhali. Na wewe Riziki acha kuchokonoa moto, haujakukosea kitu. Nyamazeni niwape kisa.

Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa na serikali na serikali ilipokuwa na sufuria, palikuwa na nchi kubwa. Kubwa kweli kweli. Ukianza safari mpaka wa mashariki ukiwa kijana, unafika mpaka wa magharibi una mvi na umesahau ulichokuwa unafuata. Na nchi yote hiyo ilikula kutoka sufuria moja.

Msinicheke, sufuria moja. Ilikaa mji mkuu, mbele ya nyumba ya Mfalme Ndovu, ikiitwa Sufuria ya Taifa. Kupika kidogo nyumbani kwako uliruhusiwa, lakini ukimuuzia jirani hata bakuli moja, jela. Mtama wote ulipelekwa kwenye Sufuria, ukapikwa uji, uji ukatiwa mitungini, mitungi ikatembezwa nchi nzima. Wa karibu walipata uji vuguvugu. Wa mbali kidogo walipata uji baridi. Wa mpakani waliupata siku ya tisa, na hao hawakuunywa, waliukata kwa panga wakajengea vibanda.

Sufuria hiyo ilikuwa na watumishi arobaini na mwiko mmoja. Nyati Kombo alikuwa na cheo cha kusema, "Koroga." Wa pili alikuwa na cheo cha kuhakikisha kwamba Nyati amesema. Wa tatu alimtazama wa pili asisinzie, na wa nne alimwamsha wa tatu. Walikwenda hivyo mpaka mwisho wa mstari, na mwisho wa mstari alisimama mwenye cheo kikubwa kuliko wote, Kiboko Machano, Mthibitishaji Mkuu wa Mwiko. Kazi yake ilikuwa kutoa kifua mbele na kusema, "Umekorogwa."

Basi, hiyo tu, kwa miaka thelathini. Asubuhi Umekorogwa, mchana Umekorogwa, alasiri Umekorogwa, kisha Machano anakwenda zake nyumbani mtoni kuchoka.

Na huko nyumbani, jamani, mbona aliongopa. Mke wake, Bi Mashavu, akimuuliza, "Za kazini, baba?" yeye anajitupa kwenye matope na kusema, "Mke wangu, mkono huu. Mkono huu ndio unaolisha taifa. Leo nimekoroga mpaka bega limekufa ganzi." Bi Mashavu anamkanda bega. Halafu anampikia, maana mtu aliyekoroga uji wa nchi nzima hawezi tena kukorogeshwa uji wa nyumbani. Machano anakula bakuli sita, anakoroma. Mto mzima ulijua kwamba Bi Mashavu ameolewa na mpishi wa taifa, kwa sababu Bi Mashavu mwenyewe aliwaambia, mmoja mmoja, na waliosahau akawaambia tena.

Sasa siku moja Mfalme Ndovu akaenda kutembelea mpakani. Watu wa huko wakamkaribisha kwa heshima, wakambandulia tofali la uji kutoka ukutani, upande wa kivulini ambako bado lilikuwa laini. Mfalme akauma. Ka. Pembe ya kushoto ikavunjika nusu.

Alirudi mji mkuu pembe imefungwa jani la mgomba na hasira imemjaa mpaka kwenye mkonga. Akaita mkutano. "Kuanzia leo," akasema, "tunafanya mageuzi." Fisi akanyoosha mkono akauliza mageuzi yanaliwa na nini. Mfalme akamwambia aketi. "Sufuria ya Taifa inafungwa. Anayejua kupika, apike. Anayejua kuuza, auze. Anayetaka kula, achague. Na watumishi wote arobaini, asanteni sana, nendeni nyumbani."

Kila mtumishi akapewa kiinua mgongo chake, gunia la mtama na sufuria ya kawaida. Machano alipokea vya kwake, akashika njia. Njia nzima alijiuliza, nitamwambia nini Mashavu? Atalia, atazimia, atarudi kwa mama yake kwenye bwawa la juu. Akafika, akaweka gunia chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mke wangu, nimepunguzwa kazini."

Bi Mashavu hakulia. Alipiga vigelegele mpaka ndege wakahama miti. "Alhamdulillahi, baba Tatu," akasema. "Miaka yote umewapikia watu wasiokujua. Sasa utapika hapa hapa, kwa jina lako. Tufungue mgahawa kesho. Nimeshawaambia watu."

"Umewaambia lini? Ndiyo kwanza nimeingia."

"Nimewaambia sasa hivi, hukusikia vigelegele?"

Maji yakamfika Machano shingoni. Kwa kiboko hilo kwa kawaida si jambo baya, lakini haya yalikuwa maji mengine. Huyu bwana hakuwa ameshika mwiko tangu azaliwe. Hakujua kinachotangulia, unga au maji. Na alimpenda mkewe kuliko matope, nawaambieni ukweli, na aliogopa siku moja tu, ile ambayo Bi Mashavu atamtazama amwone alivyo.

Siku ya kwanza wateja wakaja. Pundamilia alikuja, Nguruwe alikuja, Kobe naye alikuja, ingawa alianza kuja jana. Bi Mashavu akawaketisha kwenye magogo. Machano akatia unga, akatia maji, akawasha moto chini ya sufuria, kisha akafanya kazi pekee aliyoijua. Alisimama wima, akatoa kifua mbele, akasema, "Umekorogwa."

Sufuria haikusogea. Akangoja kidogo, akasema tena, kwa cheo zaidi, "Umekorogwa." Mara ya tatu moshi ukajibu. Uji uliungua ukashika chini, mweusi kama mkaa.

"Vipi, mpishi?" akauliza Nguruwe.

"Kuni mbichi," akasema Machano.

Bi Mashavu akawaambia wateja, "Kuni mbichi, mnaona wenyewe. Njooni kesho."

Siku ya pili Machano aliamka alfajiri akamfuata Nyati Kombo, aliyekuwa amekaa kwao akiuambia ukuta, "Koroga," ili asipoteze ujuzi. Wakaja pamoja. Wateja wakaketi. Nyati akasema, "Koroga." Machano akasema, "Umekorogwa." Wakaitazama sufuria. Nyati akasema tena, "Koroga." Machano akasema, "Umekorogwa." Mwiko ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, umetulia zake. Safari hii walikuwa wamepunguza kuni, kwa hiyo uji haukuungua. Ulifanya mabuje, na kila buje lilikuwa kubwa kama ngumi. Pundamilia alilitia moja mdomoni asubuhi, na jua la alasiri likamkuta bado analizungusha kutoka shavu hili kwenda shavu lile.

"Vipi, mpishi?" akauliza Nguruwe.

"Sufuria ngeni hii," akasema Machano. "Haijanizoea."

Bi Mashavu alimtazama kidogo. Kisha akasema, "Basi mzoeane upesi, baba Tatu, maana Mfalme anakuja kesho. Anazunguka kuona matunda ya mageuzi yake. Nimempelekea salamu kwamba yule mpishi mwenyewe wa Sufuria ya Taifa yuko hapa kwetu."

Machano akakaa chini. Alikuwa amekaa tayari, lakini alikaa zaidi.

Hapo ndipo akili ilipomjia, imechelewa lakini imekuja. Kwenye ule mstari wa arobaini, lazima palikuwa na mmoja aliyekoroga. Lakini nani? Akamuuliza Nyati, Nyati akasema yeye kazi yake ilikuwa kusema, si kutazama. Akamuuliza aliyekuwa mwamshaji, naye akasema alikuwa na mtu wake wa kumwamsha. Mwisho mtu mmoja akakumbuka, "Si yule mdogomdogo wa pale chini, aliyekuwa anapanda kigoda?" Jina hakuna aliyelijua.

Walimpata sokoni. Hakufichika, kwa sababu foleni ya watu wake ilikuwa inazunguka soko mara mbili. Alikuwa Panya Buku, mama mmoja aitwaye Bi Siwema, amesimama kwenye kigoda, mwiko mkononi, uji unamwagika kama hariri.

"Shikamoo, bibie," akasema Machano. Hakuwa amewahi kumwamkia hata siku moja.

"Marahaba," akasema Bi Siwema bila kugeuka. "Leo unaniona? Nimesimama mbele ya tumbo lako miaka thelathini."

"Dada yangu, niokoe. Kesho anakuja Mfalme. Njoo ujifiche nyuma ya banda langu unikorogee. Mimi nitasimama mbele."

"Usimame mbele useme nini?"

Watu wa foleni wakacheka. Bi Siwema akamhurumia, akampa mwiko ajaribu. Machano akaushika kama anayemkaba mwizi, akauvunja. Akapewa wa pili, akauvunja. Wa tatu hakupewa.

"Kaka," akasema Bi Siwema, "hebu niambie. Hapo nyumbani kwako, jioni, nani anakupikia?"

"Mke wangu."

"Na hicho kitambi umekipata kwa uji wa nani? Maana wa Sufuria ya Taifa nimeupika mimi, na najua hukuuonja. Nenda nyumbani kaka, wateja wangu wananingoja."

Machano akarudi pole pole. Kila hatua aliona heri aliwe na mamba. Asubuhi ya siku ya tatu, wateja wakiwa wanakusanyika na ngoma za Mfalme zinasikika ng'ambo ya kilima, akamvuta mkewe nyuma ya banda.

"Mashavu, mimi sijui kupika."

"Kuni mbichi tena?"

"Hapana, sijawahi kukoroga. Miaka thelathini nilikuwa nasimama nasema 'Umekorogwa.' Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu yote. Bega halikuwahi kuuma. Nimekudanganya."

Bi Mashavu akatazama sufuria. Akamtazama mumewe, kuanzia masikio mpaka kwato. Alipofungua mdomo, sauti haikuwa ya vigelegele.

"Machano, unajua kwamba jirani akipita mimi hufunika chungu? Miaka thelathini nafunika. Nilikuwa naona haya. Nasema, watu wataonaje uji wangu huu, nami mume wangu ni mpishi wa taifa? Nilidhani unaula kwa kunionea huruma."

Machano akalia. Kiboko akilia si kidogo, banda likaanza kuelea. "Naula kwa sababu hakuna uji kama huo," akasema. "Naapa hakuna. Hapo sidanganyi."

"Futa machozi, unazima moto," akasema Bi Mashavu, akautungua mwiko msumarini. "Lete maji. Na ole wako uniambie neno lolote wakati nakoroga."

Machano alileta maji, akachochea kuni, akaufunga mdomo wake kwa mikono miwili ili neno lisimponyoke. Mara tatu lilimpanda kooni, mara tatu akalimeza. Bi Mashavu akakoroga. Akatia tui, akatia tangawizi kidogo, akakoroga tena.

Mfalme Ndovu akafika na pembe yake nusu. Akaletewa bakuli, akalinusa kwa woga, akachovya ncha ya mkonga. Akanywa. Akamaliza. Akaomba la pili, akamaliza, akaomba la tatu, akalilamba.

"Huyu ndiye mpishi," akasema. "Mtu kama huyu hawezi kuachwa hapa matopeni. Nitaifungua tena Sufuria ya Taifa, nimpe cheo cha Mpishi Mkuu, na wasaidizi arobaini chini yake. Nani amepika?"

Watu wote wakamtazama Machano, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa wameambiwa. Nyati Kombo aliyekuwa nyuma akawa anampa ishara, sema wewe, sema wewe, mjinga wee. Na Machano aliona cheo chake kinamrudia chote, na kivuli cha kusimama, na mkutano mzima ukimtazama. Neno moja tu lilitosha.

"Amepika mke wangu, Bi Mashavu," akasema. "Mimi nimeleta maji."

Nguruwe akacheka mpaka akaanguka kutoka kwenye gogo. Pundamilia naye angecheka, ila buje lilikuwa bado limembana.

Mfalme akamgeukia Bi Mashavu. "Basi mama, cheo ni chako. Twende."

Bi Mashavu akafuta mikono kwenye kanga. "Mheshimiwa, nashukuru. Lakini nikienda huko, wa mpakani watakula tofali. Niache na wateja wangu. Na wewe ukitaka bakuli la nne, karibu sana, ila kuna watu walitangulia."

Mfalme akaitazama foleni. Akaigusa ile pembe yake iliyovunjika. Akaenda akasimama nyuma ya Kobe, na kwa kuwa Kobe ndiye Kobe, alikaa hapo mpaka adhuhuri.

Machano alinuniwa siku tatu, haki yake, na siku ya nne akaambiwa aanze kuosha masufuria. Aliyaosha vibaya, kisha akayaosha nusu nusu, kisha akajua. Siku moja akapita mgeni kutoka mbali, akamkuta mtoni majivu yamemfika viwikoni, akamuuliza, "Mzee, nasikia huku kulikuwa na mkubwa mmoja wa Sufuria ya Taifa. Nawe una cheo gani?"

"Mimi naosha masufuria ya mke wangu," akasema Machano, akamwonyesha moja linavyong'aa.

Nami hadithi yangu naikomesha papo hapo. Riziki, chungu kimeisha, kaoshe.