Breki Hupakwa Mgongoni

"Breki hupakwa mgongoni, si usoni." Methali hii ilianza hivi, na ninyi mnaocheka mna bahati, maana mnasimuliwa na mtu aliyekuwa ndani ya gari lenyewe. Mmemsikia shangazi yenu Rukia akimwambia hivyo Shebughe, aliyekuja na doti mpya ya khanga mkononi kumfuata mkewe aliyerudi hapa kwetu akilia. Naona Shebughe mwenyewe amekaa kizingitini, hakuelewa. Basi naye asikilize.

Baba yetu, mzee Shekigenda, alikuwa na pikapu ya kijani. Enzi hizo hapa Mtae magari yalikuwa ya kuhesabu, na lile ndilo lililowashusha maharusi kwenda Mlalo. Baba alilifuta kwa fulana zake mwenyewe, mama akinuna. Sifa yake ilikuwa utulivu. Lilifika mlangoni mwa watu bila kelele, wakasema gari la Shekigenda lina adabu. Hata leo nikisikia harufu ya udi na petroli pamoja, moyo wangu hurudi kule kule.

Ikafika zamu ya Rukia kuolewa. Pedi za breki, vile vibao vinavyoibana diski ya gurudumu, zilikuwa zimekwisha, fundi Mahanyu akafunga mpya. Tangu hapo kila baba alipokanyaga breki, gari lilipiga yowe mtaa mzima ukageuka. Watoto wakawa wanalikimbilia na kuliigiza. Baba aliona aibu kweli kweli. Kwetu bibi harusi akilia njiani ni heshima kwa waliomlea, lakini gari likilia, wakwe watasema nini?

Akaenda kwa fundi. Mahanyu alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo inayoonekana, akamjibu kutoka huko huko kwamba apake grisi kidogo mgongoni mwa pedi, zitanyamaza. Sasa, Mahanyu alikuwa mtani wetu. Kwenye msiba wa babu alijilaza kaburini akidai kwamba shimo ni lake. Neno la mtu kama huyo hulimezi bila kulitafuna. Baba akarudi nyumbani anacheka.

"Mahanyu ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," alimwambia mama, "na leo hata hakuficha, mgongo kautaja mwenyewe. Kinachosuguana na diski ni uso. Mgongo unalilia nini?"

Mama alimsihi akaulize tena. Hakwenda. Alifungua magurudumu ya mbele, akazipaka pedi grisi usoni, akazirudisha. Alipozunguka uani polepole, breki za nyuma zikalisimamisha gari, naye akadhani zote zinashika. Kimya kilirudi, na baba akalala usingizi mzuri.

Siku ya harusi Rukia alikaa mbele, katikati ya baba na mama. Sisi tulikuwa nyuma tunaimba. Tulipoanza kushuka mteremko mkali, baba akakanyaga breki, gari likaendelea; zile za nyuma peke yake hazikuliweza. Akakanyaga tena kwa nguvu zote. Halikulia, wala halikusimama. Upande mmoja ulikuwa korongo. Nilimwona Rukia kupitia kioo cha nyuma akimshika baba mkono.

"Baba Rukia, egemea mlima," mama akasema, taratibu kabisa.

Baba akaingiza gia ya kwanza, akalikwaruza gari ubavu kwenye ukingo wa udongo mpaka likazama matopeni. Hakuna aliyeumia.

Mahanyu alikuwa kwenye gari la nyuma yetu. Alifungua gurudumu, akaishika pedi inayong'aa grisi. Tulingoja utani wake, haukuja.

"Uso huu kazi yake ni kushika," alisema. "Ukiulainisha utakuua kimya kimya. Panapolia ni huku nyuma, pedi inapotikisika kwenye chuma."

"Nilidhani unanitania," baba alisema.

"Utani una mahali pake, Shekigenda. Breki hupakwa mgongoni, si usoni."

Tukateremka kwa miguu, matope mpaka magotini, baba amemshika bintiye mkono njia nzima. Haijawahi kuimbwa harusi kama ile. Mlangoni kwa Kaniki, bwana harusi, tulijiandaa kwa nasaha ndefu, maana baba alikuwa na maneno. Akamwambia haya tu:

"Mwanangu akilia, usimpake matamu usoni ili anyamaze. Tafuta panapomkwaruza, upatengeneze. Akinyamaza bure, ogopa."

Marehemu Kaniki hakuwa mtu wa zawadi. Alikuwa mtu wa kuuliza na kukaa kusikiliza jibu. Ndiyo maana shangazi yenu bado anamlilia.

Haya, Shebughe, umeinuka? Khanga iache hapo kizingitini, haiendi mahali. Mkeo yuko jikoni. Ninyi, mpisheni apite, na msimcheke. Breki hupakwa mgongoni, si usoni.