Uwanja Juu ya Soko

Hapo zamani, si ile zamani ya sungura na fisi kusemezana, bali zamani ya juzijuzi, ya redio na barabara za vumbi, palikuwa na mji wa milimani ukiitwa Ikumbilo. Katikati ya mji palikuwa na soko, na sokoni aliuza nyanya mjane mmoja, Tumpale. Nyanya hizo ndizo zilizomlea binti yake wa pekee, Atupele, msichana asiyejua kutembea. Akitumwa chumvi, mbio. Akirudi na chumvi, mbio.

Meya wa mji aliitwa Ambakisye. Naye hakujua kukaa. Alikula amesimama, aliongea akizunguka. Siku moja akaja sokoni, akapanda juu ya mkokoteni.

"Ndugu zangu! Michezo ya bara zima ilitafuta mji wa kufanyikia. Tumeomba, tumepewa! Wageni watakuja. Lami itakuja. Hospitali itakuja. Ikumbilo itajulikana!"

Watu wakapiga vigelegele. Tumpale akauliza, "Baba Meya, na uwanja wa michezo hiyo utajengwa wapi?"

Ambakisye akatazama chini. "Hapahapa, mama. Mji wetu wote ni miteremko, tambarare ni hii tu. Lakini ninyi mtajengewa soko jipya ng'ambo ya mto. Na daraja mtapata."

Basi makatapila yakaja, soko likavunjwa. Lami ikaja kweli. Hospitali ikaja kweli. Soko jipya likajengwa kweli, na bati lake linang'aa. Daraja ndilo halikuja. Michezo ilikuwa inakaribia, saruji yote ikaenda uwanjani. "Daraja baada ya michezo," akasema Meya, akapita haraka.

Wanawake wa sokoni wakawa wanavuka mto juu ya magogo, mizigo kichwani. Wateja hawakuwafuata. Nani avuke magogo kwa ajili ya fungu la nyanya? Masika yakaingia, mto ukajaa. Asubuhi moja Subilaga, muuza ndizi, rafiki wa Tumpale tangu usichana wao, akateleza. Tenga likaelea. Yeye hakuelea.

Siku ya maziko Tumpale hakulia. Alizunguka makaburini akienda na kurudi, mpaka watu wakamshika mikono. Alipofika nyumbani akamwambia binti yake, "Uwanja ule sitaukanyaga. Na wewe usiukanyage."

Wakati huo Atupele alikuwa amekwisha kuchaguliwa timu ya taifa.

"Mama, nchi nzima inanitegemea."

"Subilaga alikubeba mgongoni nilipokuwa naumwa. Nenda basi, kakimbie juu ya kifua chake."

Atupele akalia sana. Kisha akachukua viatu vyake, akaenda.

Michezo ikafika. Mji ukajaa lugha na ngoma na magari. Wenye nyumba za wageni walikosa pa kuwalaza watu. Siku ya mwisho Atupele akakimbia mbio ndefu. Akaachwa, akawafikia, akaachwa tena, na kwenye kona ya mwisho akawapita wote. Uwanja ukalipuka. Tumpale, ameketi ng'ambo kwenye meza isiyo na mteja, akasikia jina la mwanawe likivuka bonde. Akapanga nyanya zake. Akazipangua. Akazipanga tena.

Wageni wakaondoka. Nyumba za wageni zikabaki na funguo ukutani, na vijana walioajiriwa wakaambiwa kazi imekwisha. Fedha za mji zikawa zinaishia kwenye madeni na kufyeka nyasi za uwanja mtupu. Daraja likasahauliwa. Ambakisye akaangushwa kwenye uchaguzi. Lakini lami ilibaki, na wajawazito waliokuwa wakifia njiani sasa walifika hospitali wakiwa hai. Na Atupele, aliyeitwa kukimbia nchi za mbali, alikataa kuhama. Akawakusanya wasichana wa mji, akawa anawafundisha kukimbia palepale uwanjani.

Miaka ikapita. Mwalimu Mwaisumo, mwenyekiti mpya wa halmashauri, akaita watu wote uwanjani. "Uwanja huu unatumaliza," akasema. "Leo tunaukabidhi kwa mtu mmoja. Anayedai asimame."

Wakasimama watatu.

Wa kwanza Tumpale. Watu wakashtuka kumwona ndani. Alikwenda moja kwa moja mpaka katikati ya nyasi. "Hapa ndipo ilipokuwa meza ya Subilaga. Pale, yangu. Mliahidi daraja, tukapata kaburi. Ng'ambo tunaoza pamoja na nyanya zetu. Vunjeni, mturudishie mahali petu."

Wa pili Ambakisye, amekonda, fimbo mkononi, bado hatulii. "Kosa la daraja ni langu. Sikatai, na halinipi usingizi. Lakini bila michezo, nani angetuletea hospitali? Tuliiomba tangu enzi za babu zangu! Akina mama mliojifungua salama, semeni! Kuna mashindano mengine yanatafuta mji. Nipeni uwanja niyalete, uanze kujilipa wenyewe. Safari hii daraja litatangulia."

"Ulisema hivyohivyo!" mtu akapaza sauti. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akamjibu, "Mwache! Mimi nisingekuwepo hapa!"

Wa tatu Atupele. "Mama, mimi nilikukosea. Hawa hawakukukosea." Akawaonyesha wasichana wake. "Kabla ya uwanja huu, msichana wa Ikumbilo aliulizwa nini zaidi ya kuolewa na kubeba mizigo? Sasa shule zinawagombania. Ukivunjwa, warudi wapi?"

"Na watoto wa Subilaga," Tumpale akasema, "wao warudi wapi?"

Atupele akamvuta mbele msichana mmoja mrefu. "Huyu ni Sekela, kitindamimba wa Subilaga. Ananishinda hata mimi."

Tumpale akamtazama usoni. Mwenyekiti akauliza taratibu, "Sekela, wewe unasemaje?"

Sekela akasema, "Nataka kukimbia. Na nataka mama yangu."

Pakazuka kelele. Wengine walipaza sauti wavunje, wengine wasiguse. Mwaisumo akakaa, akasimama, akakaa, akasimama. Hatimaye akainua mkono, umati ukanyamaza, naye akafungua kinywa.

Haya, ninyi mliokaa hapa kunisikiliza, msiniambie mtakwenda kufikiria nyumbani. Watu wa Ikumbilo wanangoja wakiwa wamesimama. Mngekuwa ninyi Mwaisumo, uwanja ule mngempa nani: Tumpale aliyenyang'anywa mahali pake, Ambakisye aliyeuleta mjini, au Atupele aliyeupa kazi?