Ukungu Siku ya Harusi ya Danieli

Mkunga ni binadamu kama wengine. Ana majirani aliokosana nao, ana siku zake za hasira, na pengine ana kiburi pia. Hata hivyo, mwanamke anayetarajia kuzaa hupima maneno yake kabla ya kumkosea, maana hajui uchungu utamkuta saa ngapi. Ndiyo sababu wahenga walitukanya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo. Lea aliisoma methali hiyo shuleni na kuiandikia insha iliyosomwa mbele ya darasa zima. Kuielewa alikuja kuielewa ukubwani, tena kwa machozi.

Lea alikuwa mshona nguo wa Ilomba, jijini Mbeya, na alikuwa na maradhi ya kushuku. Akimwachia mgeni jiko, kwanza alitia alama kwenye chupa ya mafuta. Akiona watu wawili wakinong'ona, alijua wanamsema yeye. Majirani walimzoea, wakawa wanacheka, naye akahesabu kile kicheko kuwa ushahidi mwingine.

Kwa miaka kadhaa alikuwa akipiga picha za simu, na watu walimsifu kwa jicho lake. Hatimaye akajaliwa kununua kamera yake ya kwanza ya maana, ile ya kubadilisha lenzi. Aliibeba kama mama abebavyo mwana wa uzeeni. Ili ajifunze kazi vizuri, alimwomba mzee Rabson amchukue. Mzee huyo alikuwa amepiga picha za harusi tangu enzi za filamu, na mpaka leo nusu ya wapiga picha wa Mbeya na Iringa wamepitia mikononi mwake. Alimkubali Lea bila masharti, na jambo hilo lenyewe likamtia Lea wasiwasi. Mtu mzima akupe kazi yake bure, anatafuta nini?

Rabson alikuwa mtu wa maneno machache na mafunzo yake yalikuwa ya ajabu. Alibandika karatasi juu ya kioo cha nyuma cha kamera ya Lea, akasema ajifunze kuutazama mwanga kabla ya kutazama picha. Lea akajiambia kwamba mzee hataki aone jinsi anavyopiga vizuri. Siku nyingine aliichukua kamera kuisafisha, naye Lea akasimama mlangoni bila kupepesa macho mpaka aliporudishiwa.

Kisha ikaja safari ya harusi kule Igawa. Ilikuwa Juni, na asubuhi ile Mbeya kulikuwa na baridi ya kukata mifupa. Mzee aliweka kamera yake ndani ya gari, chini ya kioo cha mbele, palipokuwa na jua na joto la injini. Begi la Lea likakaa nyuma kwenye buti. Walipofika Igawa jua lilikuwa kali, na bi harusi alikuwa karibu kutoka nje. Lea akashika zipu ya begi, lakini mzee akamzuia.

"Usifungue kwanza," alimwambia. "Kamera imetoka kwenye baridi. Iache kwenye begi izoee joto."

Lea hakuuliza kwa nini ya mzee ilikuwa imekwisha kuzoea. Mwenye shaka haulizi, hujijibu mwenyewe, na jibu lake huwa limeiva siku nyingi. Alikaa na begi mapajani huku Rabson akipiga picha za bi harusi akitoka kwao kwa vigelegele. Aliporuhusiwa kufungua, watu walikuwa wameshaketi wanakula. Jioni picha za mzee zilimwagiwa sifa katika kundi la wasapu la wapiga picha wa nyanda za juu, na Lea hakulala.

Alfajiri alituma ujumbe wa sauti katika kundi hilo. "Nyinyi wazee wa picha ni wezi," alisema. "Mnatubebesha mabegi tusije tukawapita. Eti kamera izoee joto, kwani kamera ni mtoto mchanga?"

Wapo waliocheka na wapo waliomsihi aufute. Fred, mpiga picha wa Iringa ambaye naye alifundishwa na Rabson, alimwambia aombe radhi siku hiyohiyo. Mzee mwenyewe aliandika tu kwamba amemsikia. Lea akaona kwamba hicho ni kitisho, akajitoa kwenye kundi na asikanyage tena studio ile.

Mwezi wa Agosti ndugu yake wa pekee wa tumbo moja, Danieli, mkulima wa vitunguu Ruaha Mbuyuni, alikuwa anaoa. Kamati ya harusi ilitaka kumkodi Fred, lakini Danieli akakataa katakata, akasema atapigwa picha na dada yake. Alimwomba Lea jambo moja tu. Bibi yao, aliyewalea baada ya wazazi kufariki, angeletwa siku hiyo kutoka milimani ili awawekee maharusi mikono ya baraka ibada ikiisha. Walikuwa hawana picha hata moja ya maana wakiwa naye, na miguu ya bibi ilikuwa inakwisha. "Nyingine zote zikiharibika sitakulaumu," Danieli alimwambia. "Hiyo naitaka."

Lea alilala Iringa, na alfajiri akapanda gari la ndugu lililobeba vinywaji vya sherehe. Dereva alilitazama begi lake mara mbili, ikatosha. Lea alilichukua, akalisukumia chini kabisa ya buti, katikati ya ndoo za barafu, mahali ambapo mwizi asingefikiria kutafuta. Wakateremka mlima Kitonga akiwa ametulia moyo.

Hakuishia hapo. Kwa kuwa aliamini kwamba ndugu wenye simu wangempiga kumbo makusudi ili kazi yake iharibike, alimpigia mshereheshaji akamwomba atangaze kanisani kuwa simu zote ziwekwe mifukoni mpaka sherehe iishe. Watu wakatii.

Joto la Ruaha Mbuyuni liliwapokea kama pumzi ya tanuri. Lea alitoa kamera, ilikuwa ya baridi kama chuma cha alfajiri. Bi harusi alipoanza kuingia kanisani, Lea aliweka jicho na kuona weupe mtupu. Lenzi ilikuwa imejaa ukungu, kama miwani ya mtu aliyefunua sufuria ya wali. Aliifuta kwa kanga, ukungu ukarudi. Wazo lake la kwanza lilikuwa Rabson. Ni yeye aliyeisafisha, kwa hiyo ni yeye aliyeifanyia kitu. Akaichomoa lenzi ili atafute kasoro, na ile hewa yenye unyevu ya kanisa lililojaa watu ikaingia mpaka ndani.

Alitoka nje akampigia Fred, aliyekuwa na kazi kijiji cha jirani. Fred alimsikiliza mpaka mwisho. "Mimi nami ni mmoja wa wale wezi, dada," akasema, akakata simu.

Likabaki jina moja. Lea alilitazama kwenye simu akaona aibu. Angeanzaje? Akarudi ndani. Kupiga picha kwa simu, baada ya kuwakataza wengine, aliona ni aibu nyingine, akaendelea kufuta na kupuliza, kupuliza na kufuta, na kila pumzi yake iliongeza ukungu. Nyimbo zikaimbwa, mahubiri yakapita, pete zikavishwa. Ibada ilipokaribia kwisha ndipo alipokimbilia nyuma ya kanisa, akapiga simu.

Mzee Rabson aliitika kama kawaida yake. Alimsikiliza Lea akieleza ya lenzi, na hakutaja Igawa wala ule ujumbe. "Rudisha lenzi, usiifute tena," alisema. "Iweke juu ya boneti ya gari, juani. Nusu saa tu itasafika. Ungenipigia ulipofika, sasa hivi ungekuwa unapiga."

Kabla Lea hajajibu, vigelegele vililipuka upande wa mbele. Mzee alivisikia, akauliza kuna nini.

"Bibi," Lea alisema akichungulia dirishani. "Amechoka kungoja ibada iishe, anawabariki."

"Kimbia, piga hata kwa simu," mzee akamwambia.

Alikimbia. Alimkuta bibi anateremsha mikono kutoka kwenye vichwa vya maharusi, anaelekezwa kwenye kiti. Simu zote zilikuwa mifukoni, kama alivyotaka mwenyewe.

Baada ya nusu saa kamera ilikuwa safi kabisa. Lea alipiga magoti mbele ya bibi, akamsihi asimame tena, arudie kidogo tu kwa ajili ya picha. Bibi alimshika shavu.

"Baraka haitolewi mara mbili, mjukuu wangu," alisema. "Mara ya pili tunaigiza."

Danieli, ambaye Lea alikuwa amekwisha kumsimulia habari ya ile simu, alikuwa amesimama karibu. Hakumgombeza. Alimuuliza tu kwa nini hakumpigia mapema yule mwalimu wake wa Mbeya, anayeitika simu kwa upole namna ile. Lea alifungua kinywa, akalia, na kilio chake kilikuwa ndilo jibu lote: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.